Pongezi kwa kidato cha nne, na chakula cha kambi

Ndugu wazazi na walezi, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Leo nimepita shuleni nikawakuta vijana wetu maabara, kwenye mazoezi ya kemia. Binti mmoja alikuwa ameinama mbele ya byureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, anafungua koki tone kwa tone, mpaka ile rangi ya waridi ikabaki kwenye chupa. Wenzake wakampigia makofi. Huyu muhula uliopita alitaka kuacha sayansi! Nimefurahi sana.

Matokeo ya moko, mtihani wa majaribio, yamebandikwa ubaoni. Wapo waliopanda kutoka daraja la tatu hadi la pili. Tuwapongeze nyumbani kwa maneno, tusisubiri mpaka wapate pointi 7, ambazo ndizo bora kabisa, maana pointi zikipungua ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri. Daraja la kwanza linafika hadi pointi 17 kwa masomo saba bora, hivyo anayetoka D kwenda C kwenye hesabu ameshapunguza pointi moja. Si jambo dogo.

Waliokwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wametuletea sifa, ila madaftari yao yana mapengo. Mwalimu wa taaluma anaomba wabaki jioni wafidie.

Sasa chakula cha kambi ya masomo ya kidato cha nne. Si lazima fedha; mwenye debe la mahindi au maharage alete Jumamosi asubuhi, mweka hazina atakuwa pale jikoni shuleni. Asiye na kitu aje tu tusaidiane kuchambua.

Na jamani, usiku tuwapunguzie kazi za nyumbani, hasa mabinti. Mtihani wa taifa wa Novemba hauko mbali.