Mhariri, nondo nao ni utalii

Mhariri naomba nafasi kidogo. Kurasa zenu za utalii kila wiki ni simba, tembo, simba tena, sasa mimi nataka kuongelea nondo, na sio zile za kujengea, nasema yule mdudu anayezungukazunguka taa usiku.

Mwezi wa tano nilienda kumsalimia dada yangu Ufaransa, shemeji akatupeleka kijijini huko Dordogne kupumzika, mimi najua tunaenda kula na kulala tu. Kumbe bwana yule anatega nondo! Jioni kaweka boksi nje, juu taa ya mwanga wa zambarau kama ile ya kukagulia noti feki, ndani kapanga trei tupu za mayai ili wadudu wakidondoka wapate pa kujishikiza mpaka kukuche. Nikacheka, nikamwambia shemeji hii sisi watoto wa Lushoto tulikuwa tunafanya kwa karabai na beseni la maji, ila kumbikumbi wetu waliishia kikaangoni, wa kwako wewe unawapiga picha unaandika kwenye daftari halafu unawaachia waende zao.

Asubuhi alikuwepo mmoja aisee, mabawa karibu sentimita 15, na kila bawa lina alama kama jicho. Ndiye mkubwa kuliko nondo wote wa Ulaya, na akishatoka kwenye kifukofuko hali kitu mpaka anakufa, anaishi kwa kile alichokula akiwa kiwavi. Watu wazima wote tumeinamia boksi na vikombe vya kahawa mkononi! Pale kwenye nyasi ndege hudihudi anadonoadonoa, huyo naye baridi ikianza anashuka Afrika.

Ila kilichoniuma ni hiki. Shemeji ana miaka anamngoja nondo mmoja mwenye alama ya fuvu mgongoni, analia kama panya, anaingia mpaka kwenye mizinga kuiba asali. Huyo anatokea huku kwetu Afrika, kila mwaka wengine wanavuka mpaka Ulaya, na kiwavi wake anakula majani ya viazi mviringo. Aliponionyesha picha nikanyamaza kimya. Mimi huyo nimeshamuua kwa kandambili, sebuleni.

Sasa nyie wenye gesti na waongoza wageni wa Usambara, kwa nini ikifika saa moja usiku mgeni anaachiwa chakula na tivii basi? Shuka jeupe na balbu ya kuwavutia nondo mnakosa? Mimi trei nimeshaanza kukusanya, mama watoto anadhani nataka kufuga kuku.

Msomaji wenu, Lushoto