Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Ule si utani

Ndugu Afisa Elimu,

Salaam, na pole kwa majukumu.

Nafundisha Hisabati kidato cha pili katika sekondari moja ya kutwa wilayani Temeke. Mwezi uliopita msichana mmoja aliinuka kwenda ubaoni kukokotoa swali. Ni miongoni mwa waliorudi shuleni baada ya kujifungua, kwa ruhusa ya Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021. Kabla hajashika chaki, mvulana wa dawati la nyuma akapaza sauti: "Mama Nanii, kaa chini, mtoto analia huko!" Darasa likaangua kicheko. Mimi nikagonga meza, nikasema, "Haya, kelele, tuendelee." Akarudi kukaa. Tangu siku ile hajanyoosha kidole, na wiki hii hakuja kabisa.

Kwetu kumwita mwanamke mama fulani ni kumpa heshima. Darasani kwangu jina hilohilo liligeuzwa tusi, nami nikalipita.

Ofisini mwenzangu mmoja alisema ni utani wa watoto. Utani naujua, nimelelewa nao. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana hata msibani, lakini kila mmoja ana haki ya kujibu. Binti yule angejibu nini mbele ya wanafunzi sabini wanaocheka? Na mvulana mwenye sauti nyembamba, anayeitwa "dada" kila akisimama kusoma, amjibu nani?

Mwalimu mwingine akashika fimbo. Aliyechapwa alirudi darasani kifua mbele, na binti akaongezewa jina: mbea.

Waraka ulifungua lango la shule. Yanayosemwa ndani ya darasa tumeachiwa sisi, na wengi wetu chuoni hatukufundishwa la kufanya dakika ile. Tayari tunakutana shuleni kwa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) kujadili mada ngumu. Naomba uelekeze vikao hivyo vibebe na hili. Tuliigize tukio lenyewe walimu kwa walimu, tujifunze kusimamisha somo, kulitaja tusi kuwa ni tusi, kumsemesha aliyelitoa bila kumdhalilisha, na kumfuata aliyetukanwa kabla hajatoka getini. Na liandikwe. Utoro tunauandika kila asubuhi, sababu yake hatuiandiki.

Jumamosi nakwenda nyumbani kwao kumwomba radhi na kumsihi arudi. Ningependa nimwambie pia kwamba barua hii umeisoma.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Hisabati, Temeke