Barua kwa Hawa: nazihitaji betri zako mbovu

Koboko, Jumapili jioni

Kwa dada yangu Hawa,

Assalaam alaykum. Habari za Arua? Mama anaendeleaje na miguu? Watoto hawajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mvua imeharibu njia ya sokoni na Mama Faiza hajamaliza kulalamika kuhusu mihogo yake. Swalehe ameniambia umehamia karakana kubwa zaidi. Hongera sana, na Mungu akuzidishie. Najua nimekaa kimya mno. Hayo tutayaongea tukionana. Leo nina shida, na dawa yake iko kwako.

Ni wanafunzi wangu wa S.6, wale wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Matokeo ya mtihani wa majaribio yametoka. Hesabu za moli wamejitahidi, kemia ya kaboni wamejitahidi, lakini swali la elektrokemia limewaangusha karibu wote. Rehema, mtoto wa dada yake Swalehe, aliandika kurasa mbili kwa mwandiko ule wake mzuri, na kila mahali akaweka anodi kuwa chanya. Alama zikaenda. Sasa anasema hatajaza famasia kwenye fomu ya chuo kikuu. Hawa, mtoto yule anajua kemia! Inaniuma kuona ndoto yake inakwama kwenye alama ya kujumlisha na kutoa.

Tatizo linaanzia mbali. Huko chini walikutana kwanza na elektrolisisi: unachukua umeme kutoka nje, unaupitisha kwenye myeyusho, unavunja kitu. Hapo anodi ni chanya, kathodi ni hasi. Wakakariri, wakafaulu. Walipofika S.5 wakakuta seli inayotengeneza umeme yenyewe, na humo anodi ni hasi. Wakaona wamegeukwa, na tangu hapo wanabahatisha.

Na jambo lenyewe halina ugumu kiasi hicho. Jina halifuati alama, linafuata kinachotokea pale. Elektrodi, yaani bamba au ncha ambapo umeme unaingia au kutoka, ambapo kitu kinapoteza elektroni, yaani kinaoksidika, ndiyo anodi. Elektrodi ambapo kitu kinapokea elektroni ndiyo kathodi. Basi. Nimelisema darasani mpaka sauti imekauka, wanaitikia kwa kichwa, halafu kwenye karatasi wanarudi kulekule. Kusikia hakujawatosha. Nataka waone kitu kimoja kinachobadilisha jina mbele ya macho yao, na kitu hicho kimejaa kwako: betri ya asidi na risasi, ileile ambayo Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859 na mpaka leo iko kwenye kila gari linaloingia Koboko.

Fikiria kazi yako ya kila siku. Mteja anapoitumia betri, bamba la risasi upande wa hasi linapoteza elektroni na kugeuka salfeti ya risasi. Limepoteza, kwa hiyo ni anodi. Bamba la dioksidi ya risasi upande wa chanya linapokea elektroni, nalo pia linageuka salfeti. Kisha analeta kwako kuchaji, na wewe unasukuma umeme kinyume. Sasa ile salfeti ya upande wa hasi inapokea elektroni na kurudi kuwa risasi. Inapokea, kwa hiyo ni kathodi. Bamba ni lilelile, ncha ni ileile, alama ya hasi iliyopigwa muhuri kwenye plastiki haijasogea hata kidogo. Kilichobadilika ni jina! Rehema akilishika hili, hakuna mtahini atakayemtisha tena.

Halafu kuna haidromita yako, kile kipimo cha uzito wa myeyusho. Unaichovya, unaangalia, unamwambia mteja "imejaa" au "imeisha", na hakuna anayejiuliza umejuaje. Betri inapotumika, asidi ya salfuriki inaingia kwenye mabamba na maji yanatengenezwa, ndiyo maana myeyusho unakuwa mwepesi: ukilinganishwa na uzito wa maji, kutoka kama mara 1.28 betri ikiwa imejaa mpaka karibu 1.1 ikiwa imeisha kabisa. Hiyo ni kemia ya S.6 mkononi mwako. Tena ukichaji kupita kiasi, maji yanavunjika kuwa haidrojeni na oksijeni, kwa hiyo unaongeza yale maji ya distili, si asidi, na unawafukuza wavuta sigara. Nataka waisikie kutoka kwako, kwa mdomo wako.

Darasani nimefanya nilichoweza. Maabara yetu unaijua, kabati limejaa chupa zenye vibandiko na ndani hamna kitu. Lakini mrututu, yaani salfeti ya shaba, ulikuwepo, nikapata na zinki. Nikatumbukiza kipande cha zinki kwenye maji ya mrututu: rangi ya buluu ikaanza kufifia, shaba ikajikusanya juu ya zinki, nyekundu iliyoiva kama udongo wa njia ya kwenu. Wakafurahi. Nikawauliza, umeme uko wapi? Kimya. Elektroni zimehama moja kwa moja kutoka zinki kwenda kwenye ioni za shaba (chembe zenye chaji zilizomo kwenye maji), hazikupita kwenye waya wowote. Ukitaka umeme lazima uvitenganishe, kama alivyofanya John Frederic Daniell mwaka 1836. Sisi tuliweka zinki kwenye salfeti yake, shaba kwenye mrututu, waya na voltimita huku, na kati ya bika mbili karatasi ya kuchujia iliyolowa nitreti ya potasiamu. Kwenye vitabu jibu ni volti 1.10, yaani volti +0.34 za upande wa shaba ukitoa −0.76 za upande wa zinki. Sisi tulipata pungufu kidogo, na kwa vifaa vile nilishukuru.

Kilichowagusa kuliko yote ni pale Rehema alipoinyanyua ile karatasi. Mshale wa voltimita ukarudi sifuri papo hapo. Wengi walikuwa wanaamini elektroni zinaogelea kupitia karatasi. Haziogelei, elektroni zinapita kwenye waya, ioni ndizo zinazopita kwenye maji. Bila karatasi, chaji inarundikana pande zote mbili na kila kitu kinasimama. Nadhani siku ile niliona macho yake yakifunguka, ila mtihani ulikuwa umeshapita.

Zimebaki hesabu za Faraday, za kujua umeme kiasi gani unatoa metali kiasi gani, na hizo haziniogopeshi sana. Moli moja ya elektroni ni kulombi 96,500 (kulombi ni kipimo cha chaji). Ioni ya shaba inataka elektroni mbili, kwa hiyo moli moja ya shaba, gramu 63.5, inahitaji kulombi 193,000. Kwa ampea 10 ni saa tano na kitu. Wewe unayejua chaja yako inatoa ampea ngapi ungewapigia hesabu hii kwa mifano ya kweli. Niliwaeleza pia Kasese, jinsi kobalti ilivyotolewa kwenye mabaki ya mgodi wa Kilembe kwa msaada wa bakteria, na mwishoni ikakusanywa kwenye kathodi kwa umeme. Hawakujua kuwa kitu kama hicho kimefanyika Uganda hii hii.

Sasa dada, naomba. Unaweza kunipokea na wanafunzi Jumamosi moja kabla mihula haijafungwa? Una betri iliyokufa ambayo umeshaimwaga asidi na kuisuuza, ili waone mabamba yaliyoganda salfeti nyeupe? Sitaki waguse risasi kwa mikono mitupu: glavu unazo za kutosha, au nizitafute huku? Magadi ya kumwagia asidi ikidondoka yapo? Utakubali kuchaji moja mbele yao na kumwachia Rehema apime mwenyewe kwa haidromita, mwanzo na mwisho? Na Swalehe, bado ana lile gari, au tupande matatu? Na wewe, utaongea naye kidogo kuhusu hiyo fomu? Mimi ni mwalimu wake, ananisikia kwa heshima tu, wewe atakuamini.

Mpe jibu Swalehe, anapita huku Alhamisi. Fomu zinarudishwa wiki inayofuata.

Nduguyo,
Zainabu