Barua kwa mwanangu anayetaka kuvuka theluji peke yake

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na ile ramani ya Norwei pia, yenye mstari kutoka Finse hadi Haukeliseter unaotaka kuufuata kwa skii, zile mbao za kutelezea juu ya theluji. Nimeivuta kwenye simu hadi ikawa ukungu mtupu, sikuona soko wala barabara. Baba yako anasema tukukataze. Mimi nimemwambia wewe ni mtu mzima na nauli ni yako. Kwa hiyo sikukatazi, ila nina maneno, na utayasoma yote kabla hujakata tiketi ya treni.

Unasema umezoea kukimbia masafa marefu peke yako. Wewe? Ukitoka hapa nyumbani saa kumi na moja alfajiri, soja wa geti ndiye anakufungulia, na ukimuuliza atakwambia ulivaa fulana ya rangi gani. Vijana wa boda pale steji wanakuona ukipita. Mama wa chapati anakuona. Ukichelewa kurudi kutoka msitu wa Karura, nusu ya mtaa itanieleza ulielekea wapi na uso wako ulikuwaje. Siku ulipoteguka mguu Ngong Road, konda wa matatu usiyemjua alikuleta hadi karibu na mlango na akakataa nauli. Hujawahi kukimbia peke yako hata siku moja. Umekimbia bila mwenzako, basi. Hardangervidda, huko unakotaka kuvuka, ni uwanda wa theluji usio na konda.

Najua utaniambia ni Pasaka, na Wanorwei hujaa milimani Pasaka. Ni kweli. Ndiyo maana njia nazo huwekewa vijiti kwenye theluji, ufuate kimoja hadi kingine. Lakini upepo ukiamka na theluji ikaanza kupeperuka, mbingu na ardhi zinakuwa weupe mmoja, na kijiti cha mbele hukioni. Pasaka ya mwaka 1967 watu 18 walikufa kwenye milima ya huko. Ndipo zile kanuni zao za mlimani zikaandikwa upya na kutangazwa kote. Leo ziko 9. Ya kwanza inasema upange safari yako na uwaambie watu njia utakayopita. Ya nane inasema urudi mapema, na kwamba kurudi si aibu. Wewe ambaye hukuwahi kuacha mbio katikati, hata ukiwa na homa, hiyo ya nane uisome mara mbili.

Halafu umenitajia Philip Boit. Nilijua utamtaja. Ndiyo, alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akapelekwa Finland kujifunza skii, na mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya Nagano akamaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, na Bjørn Dæhlie, mshindi mwenyewe, akamngoja kwenye utepe amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Ninaipenda hadithi hiyo kama wewe. Lakini iangalie vizuri: alikuwa kwenye njia iliyotengenezwa, na kila mtu pale uwanjani alijua kuna Mkenya mmoja bado hajafika. Nani atajua kwamba wewe bado hujafika?

Habari ya mwinuko usinisumbue nayo. Kituo cha Finse kiko mita 1,222, na hapa Nairobi tunalala juu zaidi ya hapo. Pumzi unayo. Mimi naogopa jasho lako.

Hapo sasa sikiliza, maana ni kazi yangu. Ninapofungua mtumba wa jaketi za baridi hapa sokoni Gikomba, zile kamera kabisa, za daraja la kwanza, zinakwenda kwa watu wa boda, na wao hawajali zimeshonwaje mradi upepo haupiti. Mimi ninazipindua. Jaketi la skii lina sketi ya ndani kiunoni, yenye mpira, ya kuzuia theluji isipande mgongoni ukianguka. Lina zipu ndefu kwapani. Nilijiuliza kwa muda mrefu nguo ya baridi inatobolewa kwapa kwa nini. Ni kwa sababu huko mtu hafi kwa kukosa joto akiwa anatembea. Analowa kwa jasho akipanda, halafu anasimama, na ule unyevu unamgandisha. Mkimbiaji ndiye wa kwanza kulowa, kwa sababu kasi ndiyo starehe yake. Enda polepole hadi uone haya. Fungua zipu kabla hujasikia joto. Na karibu na ngozi uvae sufu, pamba ikae nyumbani: pamba ikinywa jasho haitoi.

Nimekuwekea moja ya bluu, saizi yako, zipu zote zinakwenda. Inaelekea ilivaliwa huko huko kabla haijafika kwangu, basi inarudi kwao. Mkononi ina kibandiko cha RECCO. Hicho hurudisha ishara kwa waokoaji wakija na mtambo wao. Wakija. Hata kile kifaa cha kuvaa kifuani, cha kutafutia mtu aliyefukiwa na maporomoko, kinataka mtu wa pili mwenye kifaa kama hicho, na koleo, tena afike ndani ya dakika chache. Ukiwa peke yako, kinga yako ni kukaa mbali na miteremko mikali, hasa ya kuanzia nyuzi 30, na kutopita chini yake pia.

Vile vibanda vya chama chao cha utalii, DNT, vimenishangaza kuliko theluji. Unasema kama cha Hellevassbu hakina mhudumu: unafungua kwa ufunguo wa wanachama, unawasha jiko la kuni, unayeyusha theluji upate maji, unachukua chakula kwenye stoo, kisha unaandika ulichokula na kulipa mwenyewe. Duka bila mwenye duka! Hapa Gikomba lisingefika saa nne asubuhi. Chama chenyewe ni cha tangu 1868, kwa hiyo inaonekana watu wanalipa. Nawe ulipe, hata kama ni kijiko cha sukari.

Kila kibanda kina kitabu cha wageni. Ukifika andika ulikotoka, na ukiondoka andika unakokwenda. Waokoaji huanzia hapo. Usiandike kishairi, andika jina la kibanda kinachofuata.

Jambo la mwisho ndilo sharti langu. Nataka mtu mmoja aliye huko Norwei, mwenye orodha ya vibanda na siku zako, ambaye usipompa habari kufikia saa mbili usiku atapiga 112 bila kuona haya. Asiwe mimi. Mimi nikiwa Gikomba nitampigia nani, na kwa lugha gani? Simu huko mara nyingine haishiki na baridi inamaliza chaji, kwa hiyo mkubaliane tangu mapema ni usiku gani ukimya ni wa kawaida na upi si wa kawaida.

Nitumie jina lake na namba yake kabla ya Jumapili, nizungumze naye mwenyewe. Na asiwe yule rafiki yako aliyesahau kukupokea uwanja wa ndege.

Mama yako