Rangi ya nukta za kaboni isiaminiwe kabla ya kusafishwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na walimu na wanafunzi wa Dar es Salaam wanaoandaa miradi ya nukta za kaboni, zile chembe zisizofikia nanomita 10 ambazo hung'aa zikimulikwa kwa taa ya urujuanimno. Miradi mingi huichukulia rangi inayoonekana kuwa ushahidi tosha. Haitoshi.

Njia nyepesi inajulikana: gramu 3 za asidi ya sitriki, yaani ndimu ya unga, gramu 3 za urea na mililita 10 za maji yaliyokenekwa. Kwenye maikrowevu ya wati 750, dakika 4 hadi 5 zinatosha. Maji huwa kahawia, mwisho hubaki donge la kahawia iliyokolea. Ukizidisha moto unapata makaa yasiyoyeyuka. Urea hutoa amonia, kwa hiyo fanyieni kazi penye hewa, na maikrowevu hiyo isirudi jikoni kamwe.

Yeyusha donge, chuja, kisha zimua mpaka ubaki umanjano wa mbali. Hapa wengi hukosea. Mchanganyiko mzito humeza mwanga wake wenyewe wa buluu, ukabaki wa kijani, na mwanafunzi akadhani amepata aina mpya. Zimua mara 10, umulike tena. Buluu ikirudi, kilichobadilika ni uzito wa mchanganyiko tu.

Kosa kubwa zaidi ni kutosafisha. Sitriki na urea huzaa pia molekuli ndogo zinazong'aa buluu zenyewe. Tia mchanganyiko kwenye mfuko wa utando wa daltoni 1000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), unaopitisha molekuli ndogo na kuzuia chembe kubwa, uzamishe kwenye maji safi, na uyabadilishe maji hayo kwa siku nzima au zaidi. Karibu mng'ao wote ukihamia maji ya nje, basi haukuwa wa nukta. Mulika pia karatasi nyeupe: nyingi hung'aa buluu bila kaboni yoyote ya kupikwa.

Anayetaka rangi nyingine kweli abadilishe malighafi au kiyeyushi. Ukubwa wa chembe hautawali rangi hapa kama kwenye nukta za kadmiamu selenidi, ambazo ni aina nyingine ya chembe ndogo zinazong'aa. Naitrojeni na vikundi vya kemikali vilivyo juu ya chembe vina nguvu kubwa. Mwaka 2015 ilionyeshwa kuwa kemikali tatu ziitwazo fenilenidiamini, zenye fomula moja lakini mpangilio tofauti wa atomi, zikipikwa ndani ya ethanoli kwa nyuzi 180 kwa saa 12, hutoa kijani, buluu na nyekundu. Hizo ni sumu, na chombo kilichofungwa cha kuzipikia hujaa shinikizo, shuleni zisiguswe.

Waandaaji wa maonyesho tunawaomba wadai vichupa vitatu kwa kila mradi: kabla ya kusafisha, baada ya kusafisha, na maji ya nje ya mfuko.

Walimu wa kemia na mafundi wa maabara,
Dar es Salaam