Hesabu viti kwanza, shilingi baadaye

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga. Huku sote wazima, hofu ni kwako tu na hiyo picha yako ya sinema. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza wanapimaje picha iliyoingiza pesa nyingi, na ukumbi wa huku mjini ukikuletea karatasi ya mapato macho uyaweke wapi. Nakuandikia kirefu, maana tarakimu ukizisikia kwa simu zinaingia sikio hili zinatokea lile.

Tuanze na mpira. Simba na Yanga wakicheza kwa Mkapa, inatangazwa kwamba mapato ya mlangoni ni kiasi fulani. Kila mtu anajua pesa ile haiendi yote kwa klabu. Kuna VAT, kuna uwanja, kuna gharama za tiketi, kuna shirikisho, na kinachobaki ndicho cha klabu. Picha nayo ni vivyo hivyo. Ukisoma kwamba Avatar ya mwaka 2009 imeingiza dola bilioni 2.92, hiyo ni pesa waliyotoa watazamaji dirishani, dunia nzima, tangu siku ya kwanza, pamoja na kila mara ilipopandishwa tena kwenye kumbi. Siyo faida, na wala siyo pesa iliyofika kwa walioitengeneza.

Chukua tiketi moja ya kwako. Tuseme inauzwa shilingi 11,800 na VAT ya asilimia 18 iko ndani. Toa 1,800 ya serikali, zinabaki 10,000. Ukigawana nusu kwa nusu na ukumbi, una 5,000. Msambazaji wako kama anachukua asilimia 20, unabaki na 4,000. Mtu kalipa 11,800, kwako imefika elfu nne, na wewe bado hujalipa deni la kamera na taa. Kwa hiyo mtu akikuambia "picha yangu imeingiza milioni mia", muulize: dirishani au mfukoni?

Hapo kwa msambazaji soma mkataba neno kwa neno, hasa pale panaposema nini kinatolewa kwanza. Mfano sehemu yako ni shilingi milioni 10, na mabango na matangazo ya redio yamekula milioni 3. Akichukua asilimia 20 yake kabla ya gharama, anabeba milioni 2, gharama milioni 3, unabaki na milioni 5. Gharama zikitoka kwanza, asilimia 20 inapigwa kwenye milioni 7, yeye anapata milioni 1.4, wewe milioni 5.6. Pesa ni zile zile, mstari mmoja wa mkataba umekupokonya laki sita. Na hizo gharama ziwekewe kikomo na risiti zake uzione.

Kwa wakubwa huko nje hesabu ni hiyo hiyo, ila tarakimu zake ni nzito. Marekani kampuni ya picha hupata kama nusu ya kiingilio, na picha kubwa hupata zaidi katika wiki za mwanzo. Nchi nyingine nyingi ni kama asilimia 40. China, picha za nje zinazoingia kwa mkataba wa mgawo hupata kama asilimia 25 tu. Sasa piga: picha imegharimu dola milioni 200, imeingiza milioni 500, yaani milioni 200 Marekani, milioni 200 nchi nyingine na milioni 100 China. Kinachorudi ni 100, na 80, na 25. Jumla milioni 205. Na matangazo ya picha ya kiasi hicho peke yake yanaweza kufika milioni 100 au kupita. Magazeti yataandika nusu bilioni kwa herufi kubwa, kumbe mwenye picha kwa mapato ya kumbi peke yake bado yuko kwenye deni, anasubiri televisheni na intaneti zimwokoe. Ndiyo maana wenyewe wana kipimo chao cha haraka: picha irudishe dirishani kama mara mbili na nusu ya gharama ya kuitengeneza, ndipo waanze kupumua.

Orodha yenyewe ya vinara nitaipitia upesi. Avatar iko juu. Inafuata Avengers: Endgame ya 2019, kama dola bilioni 2.80. Halafu Avatar: The Way of Water ya 2022, bilioni 2.3 na ushee, na Titanic ya 1997, bilioni 2.26. Mwaka 2025 ikaingia Ne Zha 2, katuni ya Wachina, ikapita bilioni 2, na karibu pesa yote imetoka ndani ya China. Hapo kuna jambo la kushika: Endgame ilimpita Avatar Julai 2019, lakini Machi 2021 Avatar ikarudishwa kumbini China ikakichukua tena kiti chake. Titanic nayo mzunguko wake wa kwanza ulikuwa dola bilioni 1.84, kilichobaki kimeongezwa na marudio, hasa lile la 2012. Jumla hizi hazifungwi. Ukilinganisha picha mbili, angalia kwanza kama unalinganisha mzunguko wa kwanza na wa kwanza.

Sasa nije kwenye ninalolishikilia kuliko yote: pesa ni kipimo kinachonyooka na kupindika, mtu aliyeketi kwenye kiti ni mmoja tu. Titanic mzunguko wa kwanza Marekani na Kanada iliingiza dola milioni 600.8. Wastani wa bei ya tiketi huko mwaka 1997 ulikuwa dola 4.59, na mwaka uliofuata ulipanda kidogo tu. Gawanya, unapata kama tiketi milioni 130. Endgame iliingiza milioni 858 huko huko, wastani wa tiketi dola 9.16. Gawanya, kama milioni 94. Iliyoingiza pesa nyingi zaidi ndiyo iliyoonwa na watu wachache zaidi. Hesabu hii siyo ya rula, kwa sababu watoto hulipa kidogo na wenye miwani ya picha za pande tatu (3D) hulipa zaidi, lakini mwelekeo inakuonyesha sawasawa.

Rudi nyuma zaidi ukakutane na Gone with the Wind ya 1939, wakati wastani wa tiketi Marekani ulikuwa senti 23. Ukiipandisha kwa bei za leo inawapita wote. Lakini usiichukue hiyo nayo kama msahafu. Wakati ule mtu hakuwa na televisheni nyumbani, na picha ilirudishwa kumbini miaka na miaka. Sisi hilo tunalielewa bila kufundishwa, maana Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, na kabla ya hapo ukitaka picha unakwenda Avalon, Empire, au Drive-in. Watu walijaa kwa sababu picha ilikuwa pale tu.

Ufaransa na Korea Kusini wanatangaza idadi ya watu kwanza, pesa baadaye, nami naona wako sahihi. Bienvenue chez les Ch'tis ya 2008 Wafaransa wanaikumbuka kwa watu milioni 20 waliokata tiketi. Tarakimu hiyo haiharibiwi na kupanda kwa bei wala kwa dola. Kumbuka pia kwamba pesa za nchi zote hugeuzwa dola kwa bei ya wakati ule. Sarafu ikishuka, watu wale wale wanaonekana wamepungua.

Wanahesabuje? Tiketi ikikatwa, mashine ya ukumbi inaandika onyesho, saa, bei na aina ya tiketi. Usiku kumbi zinatuma hesabu, na huko nje kampuni ya Comscore ndiyo inayozikusanya kwa wote. Wikiendi ni Ijumaa mpaka Jumapili. Maonyesho ya mapema ya Alhamisi jioni huchanganywa kwenye Ijumaa, kwa hiyo ukiona Ijumaa imevimba, sababu huwa ni hiyo. Tarakimu inayotangazwa Jumapili ni makisio: Ijumaa na Jumamosi ni za kweli, Jumapili imekisiwa kwa kuangalia picha za aina hiyo hushuka kiasi gani. Ya kweli hutoka Jumatatu. Ukitaka kunukuu, subiri Jumatatu.

Baada ya hapo watu hupiga kizidishi: jumla yote ugawe kwa wikiendi ya kwanza. Endgame ilifungua Marekani na Kanada kwa dola milioni 357 ikaishia 858, kizidishi 2.4, yaani mashabiki walikimbilia mwanzo. Titanic ilifungua kwa milioni 28.6 tu, kizidishi 21, na ilikaa namba moja wikiendi 15 mfululizo. Tena kuna My Big Fat Greek Wedding ya 2002: kumbi 108, wikiendi ya kwanza dola 597,362, ikaishia milioni 241, na haikushika namba moja hata wikiendi moja. Hiyo ilibebwa na midomo ya watu. Wewe usiye na pesa ya mabango ya Ubungo mpaka Posta, mfano wako ni huo.

Na hapo ndipo meneja wa ukumbi atakapokubana. Wiki ya pili atakuambia picha imeshuka, anaiondoa. Usibishane kwa maneno, toa karatasi. Tuseme wiki ya kwanza umeuza tiketi 1,200, ya pili 540. Imeshuka asilimia 55, na ukiliona hilo peke yake utainamisha kichwa. Lakini wiki ya kwanza ulipewa maonyesho 12, ya pili manne. Watu 1,200 kwa maonyesho 12 ni 100 kila moja. Watu 540 kwa manne ni 135 kila moja. Ukumbi kama una viti 160, wiki ya kwanza ulijaza asilimia 62 na nusu, ya pili kama 84. Waliopungua siyo watazamaji, ni maonyesho. Mwombe arudishe la saa moja jioni. Na kama manne yale yalikuwa ya saa nane mchana siku za kazi, liseme hilo pia, maana mtu wa Mbagala anayetoka kazini saa kumi na moja hawezi kuiwahi.

Karatasi ya mapato idai kwa kila onyesho, isiwe jumla ya wiki. Iwe na tarehe, saa, viti vilivyopo, tiketi zilizouzwa kwa kila bei, na za bure ziandikwe peke yake. Tiketi za mwaliko hazina pesa, lakini zinajaza viti, na zikichanganywa na za kulipa wastani wa bei yako unashuka bila kujua kwa nini. Mikoani wengine bado wanatumia vitabu vya tiketi. Huko andika namba iliyo juu ya kitabu kabla ya dirisha kufunguliwa, na namba iliyo juu baada ya kufungwa. Ikianza 4511 na kubaki 4598, zimeuzwa 87, kwa sababu 4598 bado iko kitabuni. Lakini kama karatasi inasema "tiketi ya kwanza kuuzwa 4511, ya mwisho kuuzwa 4598", hizo ni 88. Tofauti ya tiketi moja kila onyesho, kwa maonyesho 40 ya elfu kumi kumi, ni laki nne. Mtume mtu ahesabu vichwa mara moja moja, bila kutangaza siku.

Tarehe nayo chagua vizuri. Mwisho wa mwezi mishahara imetoka, tarehe 18 haijatoka. Idi ndiyo siku ya picha hapa mjini tangu zamani. Ramadhani jioni kumbi zinapoa, usifungue hapo. Angalia ratiba ya ligi, siku ya Simba na Yanga kaa pembeni. Masika nayo Jangwani pakijaa maji, mtu wa Kigogo havuki kwenda kuangalia picha.

Watakaoiona kwenye vibanda vya kuonyeshea video hawataingia kwenye hesabu yoyote. Vibanda umiza ndivyo vilivyowapa watu wetu picha za nje, na wakalimani kama Lufufu wakazifanya za Kiswahili, lakini viingilio vile havikufika kwenye orodha ya Hollywood wala ya Bombay. Kwa picha yako unaweza kufanya kitu: kubaliana na wenye vibanda ada moja kwa kila siku ya kuonyesha, ulipwe mbele. Asilimia ya mlangoni kule hutaweza kuisimamia.

Kabla hujaweka sahihi nipigie picha ukurasa wa mgawanyo na ule wa gharama, unitumie. Na muulize msambazaji hesabu zinafungwa siku gani, na pesa inaingia baada ya siku ngapi. Mama nisalimie sana, mwambie kanga zake nimezipata Kariakoo, nitampa dereva wa basi Alhamisi.

Wako,
Shoga yako wa Magomeni