Barua kutoka Los Angeles: Baba, kuhusu hiyo shahada ya Masomo ya Afrika

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, na Bibi mfikishie heshima zangu. Mimi ni mzima. Baridi ya huku haifikii hata kidogo ile ya Lushoto mwezi wa Julai, kwa hiyo Mama aache kuhangaika na sweta.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Ningeweza kukujibu palepale kwenye simu, lakini jambo lenyewe ni refu na sikutaka likatike vipandevipande. Najua aliyeuliza kikaoni ni Baba Mdogo, ila swali ni la ukoo mzima, na mna haki nalo maana nyote mlichanga: mtoto ameagwa akasomee afya, hii shahada ya Masomo ya Afrika imetokea wapi? Afrika ameiacha hapa Soni, ameifuata nini Marekani?

Nianze na muda na fedha. Shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, huchukua miaka 2, na ya Masomo ya Afrika nayo miaka 2. Upo utaratibu rasmi wa kuzisoma pamoja: unaomba kila upande, unakubaliwa kila upande, kisha baadhi ya masomo yanahesabiwa kotekote. Badala ya miaka 4, nategemea kumaliza kwa 3. Mwajiri alinipa ruhusa ya miaka 2, na barua ya kuomba nyongeza nimeshaituma. Kuhusu ada ya huo mwaka wa tatu, hamtadaiwa hata shilingi. Shahada za kumwandaa mtu kwa kazi fulani kama hii ya afya zina ada kubwa na misaada michache. Ni upande wa Masomo ya Afrika ulionifungulia nafasi ya kusaidia kufundisha Kiswahili, na kazi hiyo inanipunguzia ada na kunipa posho. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nami nazitumia zote. Serikali ya Marekani imekuwa ikitoa fedha nyingine kwa wanaosomea lugha na maeneo ya dunia, lakini hizo ni za raia wao na wenye ukaazi wa kudumu.

Fedha hizo zina historia ambayo wewe, mwalimu wa Siasa, utapenda kuisikia. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani walishtuka sana. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na ndani yake likatengwa fungu la kufundisha lugha na habari za nchi ambazo walikuwa hawazijui vizuri. Kituo cha Masomo ya Afrika cha hapa kilianzishwa 1959, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa James Coleman, mtaalamu wa siasa aliyekuwa amechunguza harakati za kudai uhuru nchini Nigeria. Sikufichi, Baba: dola ilitaka kutujua kwa maslahi yake. Lakini vitabu, ramani na ripoti zilizokusanywa tangu wakati huo zipo, na Mwafrika akiingia humo na maswali yake mwenyewe anatoka na majibu yanayotufaa sisi.

Swali langu la kwanza nilikuja nalo kutoka kazini. Unakumbuka zile kampeni za dawa za kichocho na minyoo mashuleni. Mtoto anasimama kwenye ubao wenye alama, na urefu wake ndio unaotuambia apewe vidonge vingapi. Anameza, anakunywa maji, anapisha mwenzake. Kazi rahisi kabisa. Basi mwaka 2008 kazi hiyohiyo ilizua ghasia Morogoro. Baadhi ya watoto walimeza dawa wakaumwa tumbo na kupata kizunguzungu, jambo la kawaida kwa dawa ile hasa kama mtoto hajala, na uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa. Wazazi wakavamia shule kwa hasira.

Darasa la afya lilinifundisha kupima ni watoto wangapi tumewafikia na kwa gharama gani. Nayahitaji hayo, na nayasoma kwa bidii zote. Ila hayanielezi kwa nini mama mwenye akili zake timamu aamini kwamba serikali inamlisha mwanawe sumu. Hilo nimeanza kulielewa kwenye semina ya historia, tulipokuwa tunasoma habari za mumiani. Tanga nzima tumekulia kwenye hofu hiyo, na hata wewe ulitukataza kutembea usiku. Kumbe hofu ya watu kunyonywa damu imeandikwa tangu enzi za ukoloni, Pwani, Kenya na Uganda, na mara kwa mara iliwaangukia watu wenye vifaa vya kitaalamu ambao hawakueleza wanachokifanya: wazima moto, wapima damu, maofisa wa kupambana na mbung'o. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wameshaona mengi yakichukuliwa kwao bila maelezo, na damu ilikuwa nyongeza tu. Mhudumu anayelijua hilo ataitisha mkutano wa wazazi wiki mbili kabla, na atahakikisha uji umepikwa kabla ya dawa kufunguliwa.

Sasa nije kwenye lililonigusa zaidi, maana linahusu nyumba yetu. Mwalimu wangu wa semina aliposikia natoka Lushoto alinielekeza kwenye habari za matuta. Nilikaa maktaba mpaka wanafunga. Wewe unalijua jambo hili kwa kusimuliwa, lakini mimi nililisikia nikiwa mtoto nisiyesikiliza. Waingereza walianzia Mlalo mwaka 1946, baadaye wakaeneza mpango wao Usambara yote: kila mlipa kodi alime matuta ya kuzuia mmomonyoko, asiyelima atozwe faini au afungwe. Kuhusu udongo wataalamu wao hawakukosea, ulikuwa unaondoka kweli. Lakini jembe la shamba la chakula lilikuwa mikononi mwa wanawake, na hesabu ya kazi waliyokuwa nayo tayari haikufanywa. Watu wenye ardhi ndogo walilima vipande vya kuazima, nao hawakujua baada ya matuta kipande kitakuwa cha nani. Wanawake walipinga waziwazi, TANU, chama kilichodai uhuru, ikapata wafuasi milimani, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Ulikuwa na wataalamu, fedha na nguvu ya dola, na udongo ukaendelea kuteremka mtoni.

Mwanahistoria Mmarekani, Steven Feierman, alikuja kwetu miaka ya 1960, akajifunza Kishambaa, akakaa na wazee na kuwasikiliza. Maneno yao yamehifadhiwa kwa sababu yake. Nikiyasoma nasikia namna Babu alivyokuwa akizungumzia mvua na watawala, na nilitokwa na machozi palepale kwenye kiti cha maktaba.

Ndiyo maana nazitaka zote mbili. Nikirudi nitakuwa mtu wa kupanga miradi ya afya wilayani, na sitaki kuwa kama yule bwana shamba wa Mlalo: sahihi kwenye karatasi, na hakuna anayemfuata. Na sitaki pia kuwa mtu wa kueleza vizuri kwa nini mradi ulishindwa huku nikiwa siwezi kuuendesha mwingine.

Si kwamba ni mteremko. Mwaka una mihula 3 ya wiki 10, mitihani inafika kabla hujatulia. Nina wasimamizi wawili ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja. Upande wa afya wanataka pendekezo la kurasa chache lenye jedwali. Upande wa Afrika wananiuliza kila tarakimu ilitoka wapi, nani alihesabu, nani hakuhesabiwa. Wapo wenzangu wanaounganisha Masomo ya Amerika ya Kilatini na mipango miji au ukutubi, nao wanalia kilio hichohicho.

Baba, ninaloomba ni hili. Tasnifu yangu nataka iwe juu ya matuta na kampeni za afya za baadaye milimani: nani aliitwa kwenye mkutano, nani aliamriwa tu. Bibi wakati ule alikuwa msichana wa kutosha kushika jembe. Muulize kama atakubali kunisimulia nikija likizo. Usimrekodi sasa, wala usiandike majibu yake. Lazima nipate kwanza idhini ya chuo na kibali cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, na yeye mwenyewe aelezwe vizuri na aridhie, akitaka kukataa akatae. Muulize tu kama yuko tayari, na kama yupo mwenzake Mlalo wa rika lake anayekumbuka.

Baba Mdogo msomee barua hii yote, usimfupishie. Kama bado ana swali, anipigie jioni yenu baada ya saa moja. Huku inakuwa asubuhi, nami nitakuwa sijaingia darasani.

Wasalimie wote hapo Soni.

Ni mimi binti yako.